Kliniki ya masikio inayokuita kwa sauti

Mwaka juzi mwezi wa tatu nilitengeneza viti tisa vya mninga kwa mteja aliyeagiza viti sita. Alisimama mlangoni mwa karakana yangu hapa Keko, mashine ya kuranda ya jirani inanguruma, akasema "sita", mimi nikasikia "tisa". Hebu yatamke maneno hayo mawili taratibu. Irabu ni zilezile, kilichobadilishana nafasi ni s na t tu. Nami s na t zilikuwa zimenihama zamani, nilikuwa nabahatisha tu na siku nyingi bahati ilinikubali. Vile viti vitatu vya ziada viko nyumbani mpaka leo. Haya nayaandika nikiwa nimekalia kimojawapo.

Nina miaka 58, na useremala nimeuanza 1989. Ninayoeleza hapa ni mashine ya sikio niliyoivaa kwa mwaka na miezi kadhaa sasa, pamoja na kliniki iliyoniuzia. Hospitalini wanaiita shimesikio, mtaani ni mashine tu. Jina la kliniki silitaji, maana kuna mahali nitailaumu, na bado naihitaji.

Kabla ya kufika huko nilipoteza shilingi elfu arobaini na tano Kariakoo. Kijana wangu wa karakana aliniletea kidude cha kukuza sauti, cha rangi ya ngozi ya Mzungu, chenye kigurudumu cha kupandisha na kushusha. Kilipandisha kila kitu: honi, jenereta, msumeno, redio ya muuza kahawa. Maneno yakabaki palepale. Mimi sikuwa na shida ya kusikia kwamba mtu anaongea, shida ilikuwa anasema nini, na kile kidude kikawa kinanizidishia nilichokuwa nacho tayari. Siku nne, kichwa kikauma, kikaenda kwenye droo ya misumari. Ukiona kinauzwa bila mtu yeyote kukupima, pita.

Baadaye nikaenda hospitali, daktari wa masikio akatoa nta upande wa kulia, akasema ngoma ya sikio ni nzima na hapo hana la kuongeza. Ndiye aliyenielekeza kliniki.

Kipimo nililipa elfu hamsini, na kwa kweli hiyo ndiyo pesa iliyonifaa kuliko zote. Unaingizwa kwenye kibanda kidogo chenye kuta nene za sponji, mlango unafungwa, unavishwa hedifoni, unapewa kitufe. Ukisikia mlio, hata uwe hafifu vipi, bonyeza. Mle ndani kuna ukimya ambao Dar es Salaam haupo. Kwanza nilisikia sikio langu lenyewe likilia kama nyenje, nikabonyeza, kumbe hakuna kitu. Yule mtaalamu, binti wa umri wa mwanangu wa pili, alifungua mlango akaniambia, "Mzee, usibonyeze mlio wako wa ndani, bonyeza wangu." Tukaanza upya.

Matokeo ni karatasi yenye mistari miwili, duara nyekundu za sikio la kulia na alama za X za buluu za kushoto. Upande wa kushoto wa karatasi ni sauti nzito, kulia ni nyembamba, na kadiri mstari unavyoshuka ndivyo usikivu ulivyopungua. Yangu inaanza vizuri kabisa, inakwenda sambamba kama boriti, halafu ikikaribia hezi 4000, kule kwenye sauti nyembamba, inaporomoka kama paa la banda hadi desibeli 70, kile kipimo cha ukubwa wa sauti. Binti akaweka kalamu pale kwenye poromoko kabla sijamwambia chochote: "Mzee, unafanya kazi kwenye mashine?"

Nikamwambia ni seremala. Akanieleza kwamba ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti, vya sauti nyembamba vimekaa mlangoni kabisa, ndivyo vinavyopigwa kwanza, na vikifa havioti tena. Desibeli 85 mtu anaweza kukaa nazo saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka tatu, muda unakatwa nusu, hivyo ukifika 100 umebakiwa na dakika kumi na tano. Mashine ya kuranda inavuka 90 bila taabu, na mimi nilikuwa nasimama nayo kutwa. Nilihesabu miaka yangu kwa dakika kumi na tano, nikaacha, hesabu ilikuwa ndefu mno.

Hizo s, t, f, sh na k ziko upande wa poromoko. Irabu ziko upande wa boriti. Ndiyo maana nilikuwa nasikia watu wote kama wanaongea wakiwa wamejaza wali mdomoni. Na hapo nikaelewa jambo lililonitesa kuliko viti. Watoto wa mtaani kwetu walikuwa wananiamkia, mimi napita. Shikamoo ya mtoto, kisauti kile chembamba, tena nyuma ya mgongo, kwangu haikuwepo. Mama mmoja akamwambia mke wangu kwamba tangu nipate lile banda kubwa nimekuwa na majivuno, hata marahaba nainyima. Mke wangu alinitetea, lakini nadhani hata yeye hakuwa na hakika.

Bei sasa. Mashine ya nyuma ya sikio, ya kawaida, isiyo na mambo ya kuunganishwa na simu, ni milioni moja na laki nne kwa sikio moja. Binti alinishauri nivae mbili, nikamwambia moja kwanza. Milioni moja na laki nne ni meza ya chakula ya mninga pamoja na viti vyake, vile sita halali. Jirani yangu Keko aliposikia bei akaniuliza kwa nini nisiende Muhimbili kupandikizwa kifaa, kwa vile walianza huduma hiyo 2017 na yeye aliiona kwenye taarifa ya habari. Nilimuuliza binti. Akacheka kidogo, akasema upandikizaji ni wa mtu ambaye mashine hizi haziwezi kumfaa, watoto waliozaliwa hawasikii ndio hasa, na unahitaji upasuaji, wakati mimi nina boriti nzima ambayo haijaguswa.

Kazi ya kuchukua umbo la sikio ilinifurahisha kama fundi. Anaingiza kwanza kipande cha sponji chenye uzi, kisizame kitu ndani, halafu anajaza tundu kwa ujiuji laini wa silikoni kwa bomba. Unakaa kama dakika tano, hutafuni, huongei, huchekeshwi. Unatoka mfano wa sikio lako, una kona ambazo sikujua ninazo. Kutokana na huo wanatengeneza kizibo, na kizibo kikikaa vibaya mashine inapiga mluzi, kwa sababu sauti inatoka kwenye upenyo na kurudi kwenye maikrofoni. Ni sawa na kiungo cha mbao: ukiona mwanga unapita, rudia. Changu cha kwanza kilipita mwanga. Walikirudia bila kunidai, na hilo nawapongeza.

Siku ya kuvaa, mashine inaunganishwa na kompyuta, na hapo ndipo tofauti na kidude cha Kariakoo inapoonekana. Anapandisha pale tu paa liliposhuka, kwingine anaacha. Nilitoka nje nikasikia ndala zangu. Nilidhani kuna mtu ananifuata. Mfuko wa rambo ulikuwa unapiga kelele kama moto wa makuti, na sauti yangu mwenyewe ilikuwa kama ninaongea ndani ya pipa. Nyumbani mke wangu alinikaribisha nikamwambia, "Mama Rehema, kwani tunagombana?" Kumbe mwanamke wa watu amekuwa akipayuka miaka yote hiyo ili nimsikie, na mazoea yakawa tabia. Ilimchukua yeye muda mrefu kushusha sauti kuliko mimi kuizoea mashine.

Msidanganywe kwamba unavaa na kumaliza. Wiki mbili za kwanza nilitaka kuirudisha. Binti alinipangia: muda wa saa mbili tu siku ya kwanza, nyumbani, kimya, halafu kuongeza. Nilirudi kwake mara tatu, kila mara anashusha hapa anapandisha pale. Ziara hizo zimo ndani ya bei. Ukienda sehemu wakakwambia kila kurekebisha ni malipo mapya, fikiria mara mbili, maana mashine ambayo haijarekebishwa ni kile kidude cha kigurudumu kwa bei ya juu.

Mambo ya kila siku. Betri yangu ni namba 13, ile yenye kibandiko cha rangi ya chungwa. Inafanya kazi kwa hewa, hivyo ukishabandua kibandiko imeshaanza kujitumia hata ukiiweka mezani. Bandua, isubirie kama dakika moja ivute hewa, ndipo uifungie. Yangu inakaa siku kumi hivi. Usiku fungua mlango wa betri. Jasho la Dar ni adui, kwa hiyo inalala kwenye kikopo chenye vipunje vya kunyonya unyevu, walinipa wao. Watu wataniambia mchele. Mchele una vumbi, na maikrofoni ni tundu dogo.

Karakanani siivai mashine zikiwaka. Hili wengi hawalielewi: vijana waliniambia mzee sasa umepona, vaa ufanye kazi. Nikiivaa pale ninakuza kelele ileile iliyoniua masikio. Naiweka kwenye kopo lake, navaa viziba masikio vikubwa vya kichwani, na vijana nimewanunulia vyao. Wawili wanavaa. Wa tatu anasema vinaharibu nywele.

Kwa kuwa nina moja tu, sijui sauti inatoka upande gani. Bodaboda nasikia, sijui ni ya kulia au kushoto, kwa hiyo nageuka kichwa kama kuku. Hapo binti alikuwa sahihi na mimi mfuko wangu ulikuwa sahihi.

Na udhu. Kupaka maji masikio mara tano kwa siku, kila mara toa, tia mfuko wa kanzu, tawadha, futa sikio likauke, rudisha. Ijumaa moja nilichelewa, nikafungua bomba, nikainamisha kichwa nayo ikiwa sikioni. Ilikufa palepale, hotuba yote nikaiona kwa macho.

Kosa hilo ni langu. Lakini matengenezo yalichukua wiki sita, kwa sababu ilibidi ipelekwe nje ya nchi, na wao hawana mashine ya kumwazima mtu wakati anasubiri. Wiki sita kwa mtu aliyeanza kuzoea kusikia ni mbaya kuliko miaka ya kabla yake. Oda zote nilizipokea kwa chaki kwenye kipande cha plaiwudi: mteja aandike mwenyewe, hata kitanda cha sita kwa sita ambacho kila mtu anakijua. Utaratibu huo nimeubakisha.

Sasa lawama yangu kubwa, na si ya mashine. Ni ya mapokezi. Pale kuna ukumbi wa watu kama ishirini, wote wamekuja kwa sababu hawasikii, na dada amekaa nyuma ya kioo, amevaa barakoa, anaita majina. Kwa mdomo. Bila kunyanyua kichwa. Siku yangu ya kwanza nilikaa tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita, nikaona walionikuta wanaingia na kutoka, mpaka mama mmoja aliyesindikiza mtoto wake akanigusa bega: "Baba, nadhani ni wewe unayeitwa, ameshaita mara tatu." Nikaambiwa nimepitwa, nisubiri mwisho wa foleni.

Tena wakitaka kukukumbusha miadi wanapiga simu. Siyo meseji, simu. Nilipoteza miadi moja hivyo: nilipokea, nikasikia mtu anaongea, nikasema ndiyo, ndiyo, asante. Nilikuwa nimekubali kusogezewa tarehe. Kumbe hata benki za simu, ambazo hazijui kama mimi ni kiziwi, zinanitumia meseji kwa kila shilingi inayopita, na kliniki yenye karatasi yangu ya mistari miwili kwenye faili inanipigia.

Mwezi uliopita nilipokwenda kuchukua betri nilisimama mbele ya kile kioo nikamweleza yule dada yote, kwa adabu: waweke ubao wenye namba, au aje amguse mtu, na simu yangu wanaijua, waandike. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akanijibu kwa maneno marefu kidogo. Kioo, barakoa, na feni la ukumbini lilikuwa upande wangu wa mashine. Nikamwambia asante, nikachukua betri zangu.