Uzoefu wangu na Turbo Pascal 7: kuikwepa “Runtime error 200”

Bado nahudumia programu mbili zilizoandikwa kwa Turbo Pascal 7, kompaila ya mwaka 1992, yaani chombo kinachogeuza msimbo (maandishi ya mwandishi wa programu) kuwa EXE, faili linaloendeshwa. Moja ni ya stoo ya duka la vipuri, nyingine ya mishahara. Mwenye duka hataki kusikia habari ya kuzibadilisha, na sioni sababu ya kubishana naye. Zinafunguka papo hapo, na karani wake anaziendesha kwa kibodi tupu bila hata kutazama vidole. Kompaila yenyewe naipa nyota nne na nusu: ukibonyeza F9, EXE iko tayari kabla hujakaa vizuri kitini.

Hiyo nusu iliyopungua imeliwa na yuniti ya CRT, kipande cha msimbo kinachokuja na Turbo Pascal kwa ajili ya kioo, kibodi na sauti.

Hali yenyewe iko hivi. Unaita programu, kioo kinaandika Runtime error 200 na anwani yake, basi, umerudishwa DOS, ule mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta. Hata mstari wako wa kwanza haujafikiwa. Ukifungua kitabu, 200 ni kugawa kwa sifuri. Utaitafuta hiyo sifuri mpaka macho yaume, haipo.

Kinachotokea ni kwamba CRT, kabla ya begin yako (pale programu yako inapoanza), hupima kasi ya mashine ili Delay, amri ya kusubiri, ijue milisekunde moja ni mizunguko mingapi. Inahesabu mizunguko ndani ya mpigo mmoja wa saa ya kompyuta, kama milisekunde 55, halafu inagawa kwa 55. Jibu lazima lienee kwenye rejista ya biti 16, yaani lisizidi 65,535. Mashine ikipita mizunguko milioni 3.6 na ushei kwa mpigo mmoja, jibu linafurika. Prosesa nayo hupiga kelele ileile kwa jibu lililofurika na kwa kugawa kwa sifuri, na Turbo Pascal ikiisikia hutaja sifuri tu. Mwaka 1992 hakukuwa na kompyuta ya mezani ya kufika huko. Zilipoingia Pentium II ndipo programu zilizokuwa nzima zikaanza kudondoka.

Mzee mwenye duka aliniuliza, “Sasa mwanangu, mashine mpya ndiyo inashindwa hesabu?” Nikamjibu, “Inahesabu upesi mno, mzee.” Alinitazama kama fundi anayetafuta pa kuongezea bei.

Kwa kuwa Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za DOS, niliziweka ndani ya DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya zamani ya DOS. Kwa mipangilio yake ya mwanzo kosa halitokei, kwa sababu DOSBox inaigiza mashine ya polepole. Lakini ripoti ya mwisho wa mwezi ilikuwa inajikokota, nikaweka cycles=max, yaani itumie kasi yote inayopatikana. Hapo 200 ikarudi, tena kwa kuchagua: kompyuta ikiwa na shughuli nyingine programu inafunguka vizuri, ikiwa imetulia inaanguka. Dawa ni kuitajia namba. Kwenye faili la mipangilio naandika cycles=fixed 60000, nayo imetosha. Ukitaka kutafuta namba yako, Ctrl+F12 inaongeza kasi na Ctrl+F11 inapunguza, programu ikiwa inatembea.

Ile ya mishahara imebaki EXE tu, msimbo wake ulipotea zamani. Kuna viprogramu vidogo vya bure vinavyotafuta kipande hicho cha CRT ndani ya EXE na kukirekebisha. Nilitumia kimoja juu ya nakala (nakala, jamani, si faili lenyewe) na kikafanya kazi. Kasoro yake ni kwamba kikomo cha 65,535 kinabaki palepale, kwa hiyo Delay zote zinakuwa fupi. Mlio wa kuonya uliokuwa “piiii” sasa ni “pi”. Kwa mishahara haidhuru. Kwa mchezo wa kompyuta ungekuwa msiba.

Ya stoo ina msimbo, kwa hiyo niliondoa CRT ya zamani ndani ya TURBO.TPL (faili la yuniti za Turbo Pascal) kwa TPUMOVER (chombo chake cha kutoa na kuingiza yuniti), nikaweka iliyorekebishwa, nikakompaili upya. Hii ndiyo njia safi kuliko zote, na ndiyo ningempa mtu yeyote mwenye msimbo wake mkononi.

Free Pascal, kompaila nyingine ya Pascal, nayo nimeijaribu. Ni nzuri na ni ya bure, na kwa chaguo la -Mtp inakubali karibu kila kitu cha Turbo. Ila chunga mafaili ya data. Real (aina ya namba zenye desimali) ya Turbo Pascal ni baiti 6, ya Free Pascal ni 8, kwa hiyo ukisoma rekodi za zamani moja kwa moja, bei zinatoka vituko vitupu na kila rekodi inayofuata imehama mahali pake. Lazima uzisome kama baiti 6 kisha uzipitishe kwenye Real2Double, inayozigeuza ziwe za baiti 8. Nimeiacha kwanza.

Na kama duka lako linachapisha risiti, ujue DOSBox ya kawaida haina LPT1, mlango wa printa. Tumia DOSBox-X, toleo jingine la DOSBox, au peleka ripoti kwenye faili la maandishi na ulichapishe kutoka Windows, kama karani wetu anavyofanya sasa.