Kindle yangu na fonti ya kujiwekea: uzoefu wangu

Wale wenye Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, ambao bado mnasoma na fonti (muundo wa herufi) iliyokuja nayo, hebu sogeeni hapa. Bookerly, hiyo iliyokuja nayo, sio mbaya jamani, ila mimi usiku naziona herufi zake nyembamba, macho yanachoka mapema, na nikiongeza saizi ndo balaa, ukurasa unabaki na maneno machache kila saa nageuza.

Nikashusha fonti ya Atkinson Hyperlegible, ya bure kabisa, ni ya Braille Institute ya Marekani, waliitengeneza kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu. Sasa angalia neno Ilala. Kwenye Helvetica, fonti nyingine ambayo nayo imo humo humo kwenye Kindle, linaanza na vijiti viwili vinavyofanana, kwenye hii l ndogo ina kimkia chake na I kubwa ina vikofia, hubabaiki. Hata sifuri imepigwa mkato isifanane na O.

Kuiweka ni kama kuweka nyimbo kwenye flashi: unachomeka waya kwenye kompyuta (uwe unaopitisha data, ule wa kuchajia tu hautaonyesha kitu), unafungua folda inayoitwa fonts, unapesti faili za fonti, zile zinazoishia na ttf au otf, basi, halafu kwenye kitabu unagusa juu, unabonyeza Aa, unaichagua. Uwezo huu upo tangu 2018. Weka zote nne, ya kawaida, ya mlalo, nzito na nzito ya mlalo, usilete uvivu hapo.

Ila kilichonisaidia zaidi kusema kweli ni kuacha ule mpangilio wa kunyoosha mistari pande zote mbili. Kiswahili kina maneno marefu, mtu anaandika "watakaowasumbua" likikosa nafasi linashuka zima mstari wa chini, huku juu yanabaki mapengo hadi unapoteza mstari. Nikaweka upande wa kushoto tu, raha.

PDF sahau, fonti haibadiliki, na vitabu vingi vya Kiswahili ninavyopata ni PDF za kuskani yaani picha tupu, hapo utakuza hadi uchoke. Menyu nazo zinabaki vile vile. Na riwaya ndefu bado nasomea fonti nyingine, Literata, Atkinson naiona kavu kidogo kwa hadithi, nimeiacha kwa vitabu vyenye namba na majina mengi. Naipa 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya PDF.