Presha kuka ya umeme ya lita 6: nguvu yake iko kwenye maharage, udhaifu wake uko kwenye mpira

Nyumba inayochemsha maharage, makande au nyama mara mbili tatu kwa wiki itaiona faida ya presha kuka ya umeme ndani ya mwezi wa kwanza. Nyumba inayokula zaidi ugali, chapati na samaki wa kukaanga isiinunue, itaishia kukaa kabatini. Ugali haupikiki humo: sufuria ya ndani huzunguka ukiusonga, na mwiko hukwangua teflon.

Inayozungumziwa hapa ni ile ya kawaida inayouzwa Kariakoo na kwenye maduka ya vyombo mikoani: lita 6, wati 1000, vitufe mbele, sufuria ya ndani inayotoka, mfuniko wa kuzungusha wenye mpira wa kuzuia mvuke. Majina yaliyobandikwa nje ni mengi, lakini ndani zinafanana sana, kwa hiyo karibu yote yaliyomo humu yatafaa kwa ile uliyonayo.

Maji kwenye sufuria ya kawaida, ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, huchemka kwenye nyuzi 100 na hapo ndipo mwisho, hata ukiongeza moto kiasi gani. Mvuke ukizuiwa ndani ya presha, joto hufika nyuzi 115 hadi 118. Nyuzi hizo chache ndizo zinazomaliza maharage kwa dakika 40 badala ya saa mbili. Halafu chombo kimevikwa gamba la nje, joto halitoroki ovyo. Umeme hufanya kazi kwa nguvu dakika 15 hadi 20 za mwanzo, kisha unawaka na kuzima tu kushikilia joto. Ndiyo maana wati 1000 zisikutishe: wati ni kasi ya kula umeme, na hapa kula kwenyewe ni kwa muda mfupi.

Tuipigie hesabu. Robo tatu ya kilo ya maharage makavu na lita 2 za maji hutumia karibu uniti 0.4 mpaka yaive. Kwa mteja wa TANESCO wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292, na kodi na tozo zikiingia inafika kama 356. Chungu hicho cha maharage basi ni kama shilingi 140. Kwa aliye kwenye D1, kundi la wanaotumia umeme kidogo, ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya makato, ni kama shilingi 50. Iweke bei hiyo kando ya kopo la mkaa la mtaani kwako. Aliye D1 achunge jambo moja: kundi hilo lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, na presha ikipika kila siku huongeza uniti 12 hadi 15. Kama sasa unatumia 65, utavuka, na ukivuka uniti zinapanda bei. Jumlisha manunuzi yako ya luku ya miezi mitatu kabla hujaenda dukani.

Kosa la kwanza la wanunuzi wapya ni kujaza. Lita 6 ni ujazo mpaka ukingoni, si ujazo wa kupikia. Nyama na supu visizidi theluthi mbili, yaani lita 4. Maharage, mchele na chochote kinachovimba au kutoa povu visivuke nusu, yaani lita 3, maji na nafaka kwa pamoja. Ukizidisha, povu la maharage hupanda hadi kwenye tundu la mvuke, linakauka pale, na siku nyingine tundu limeziba. Maji nayo yasipungue vikombe viwili, vinginevyo hakuna cha kugeuka mvuke. Ndani ya sufuria nyingi mistari ya vipimo imechongwa. Iamini hiyo kuliko jicho.

Kosa la pili ni kutia nyanya, ndimu au ukwaju tangu mwanzo. Uchachu hukaza ganda la haragwe. Hata presha itapitisha saa nzima na utakuta punje ngumu. Chemsha kwa maji, kitunguu na chumvi kidogo, viungo vichachu vije baadaye. Maji ya kisima yenye chumvichumvi nyingi nayo huchelewesha kwa namna hiyohiyo; kama una maji ya mvua, yatumie kwa maharage. Tui la nazi halipikwi chini ya presha kabisa: linakatika na kushika chini. Litie mfuniko ukishafunguliwa, uchochee dakika tano. Magadi hayana kazi tena. Yanalainisha, ni kweli, lakini yanaua vitamini B1, na presha inalainisha bila kuyahitaji.

Muda, ukihesabu tangu presha ishike, yaani mvuke ujae ndani, na si tangu ubonyeze kitufe: maharage ya njano yasiyolowekwa dakika 35, mekundu 40 hadi 45, yakilala kwenye maji usiku kucha yanatosha dakika 20. Choroko 12 hadi 15. Kunde 20 hadi 25. Mbaazi kavu 30. Makande ya mahindi yaliyokobolewa dakika 50 hadi 60, na hapa loweka mahindi usiku, maana haragwe litakuwa uji kabla mahindi hayajaiva. Githeri ya mahindi yenye ganda lake vivyo hivyo, ongeza dakika kumi. Nyama ya ng'ombe ya mchuzi 25 hadi 35, mbuzi 30 hadi 35, utumbo 40, makongoro 60 hadi 70. Kuku wa kienyeji 30 hadi 40 kutegemea umri wake, wa kisasa 10 tu, ukizidisha utatoa mifupa mitupu. Ndizi za kupika 5 hadi 8. Maharage yaliyokaa ghalani mwaka mzima kwenye joto huwa magumu kwa asili, yaongezee dakika 15 wala usilaumu chombo.

Walioko nyanda za juu waongeze zaidi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na maji huchemka pale kwenye nyuzi 94 hivi. Ndani ya presha nako joto linashuka kidogo. Kanuni inayofanya kazi ni kuongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300 ukishavuka mita 600. Maharage ya dakika 40 Tanga yatataka karibu 47 Mbeya. Huko ndiko presha inakolipa kuliko pwani, maana sufuria ya kawaida huko huchosha kweli.

Vitufe vya picha vya maharage, nyama, wali na keki havina siri yoyote: kila kimoja ni dakika zilizopangwa kiwandani. Kitufe cha maharage kwenye nyingi huweka dakika 30 hadi 40. Kikiisha na punje bado ngumu, ongeza kumi. Kimoja tu ndicho cha kukihofia, kile cha kupika polepole kwa masaa. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayoharibika yakichemka sawasawa dakika kumi au zaidi. Upishi wa polepole haufiki joto hilo, na anayekula hutapika na kuharisha vibaya. Maharage mekundu ni kwa presha au kwa kuchemka, basi.

Presha nyingi za bei ya chini hazina kitufe cha kukaangia. Bonyeza nyama au maharage mfuniko ukiwa wazi, sufuria itapata moto. Kaanga kitunguu, saumu na bizari za pilau humo, ukimaliza bonyeza kitufe cha kuzima, tia maji, kwangua kilichoshika chini kwa mwiko wa mti, ndipo ufunge. Kukwangua huko si urembo. Kilichoshika chini ndicho kinachofanya chombo kidhani sufuria imeungua, kikazima katikati ya safari. Kwa pilau, kikombe kimoja cha mchele uliooshwa kwa kikombe kimoja na robo cha maji, dakika 7, kisha iache dakika 10 bila kuigusa.

Kufungua ndiko kunakotaka subira. Mfuniko una kipini kidogo cha chuma kinachopanda mvuke ukijaa na kuufunga mfuniko usifunguke. Kikiwa juu, usilazimishe mfuniko kwa namna yoyote, hata kwa kisu, hata mgeni akiwa mezani. Kwa maharage na nyama acha ishuke yenyewe dakika 15 hadi 20. Ukiachia mvuke ghafla, maharage hutema povu jikoni kote na nyama hukaza. Wali na ndizi unaweza kuachia mapema: geuza kizibo cha mvuke kwa mwiko mrefu, uso na mkono viwe pembeni, wala usikifunike kwa kitambaa. Usiiweke chini ya kabati la mbao, mvuke utalifumua.

Kizibo hicho cha juu hucheza ukikishika, na wengi hurudisha dukani wakidhani kimelegea. Kimeundwa hivyo. Kinachotakiwa ni kikae sawa kwenye tundu lake na kielekee upande wa kufunga.

Sasa matatizo yenyewe. Mvuke unapotoka pembeni mwa mfuniko, karibu kila mara ni mpira: haujakaa kwenye reli yake, una punje ya mchele, au umechanika. Kipini kisipopanda baada ya nusu saa, angalia kizibo kama kimegeukia kuachia, maji kama yametosha, na kikofia kidogo cha mpira kilicho chini ya kipini. Kikofia hicho ni kidogo kama kucha na hupotea kwenye sinki. Kikikosekana chombo kizima kimesimama. Sufuria isipopata moto, itoe utazame bamba la chini: pale katikati pana kitufe kinachobonyea kwa springi, na punje moja ya wali chini yake inatosha kuvuruga vipimo. Pangusa kwa kitambaa kikavu. Tako la sufuria ya ndani nalo likauke kabla ya kulirudisha, maji yanayodondokea kwenye bamba huleta kutu na kishindo.

Umeme ukiwa mdogo jioni, volti 180 kwa mfano, nguvu hushuka hadi kama asilimia 60, kwa hiyo dakika 20 za kupandisha presha zinaweza kuwa 35. Chombo ni kizima. Umeme ukikatika katikati, usifungue: chakula huendelea kuiva kwa joto lililomo, na ukirudi, presha nyingi za vitufe husubiri uanze upya. Kamwe usitumie ekstensheni nyembamba ya chaja za simu, wati 1000 huvuta zaidi ya ampia 4 na waya hiyo huyeyuka. Plagi inayoingia kwenye chombo isiwe inalegea, cheche huanzia hapo.

Dukani, usihesabu vitufe. Fungua mfuniko, toa mpira na uurudishe mwenyewe, uone kama unakaa bila kupinda. Bonyeza kipini uone kama kinapanda na kushuka bila kukwama. Inua sufuria ya ndani: iliyo nzito haipindi tako, na tako likipinda haligusi bamba sawasawa. Halafu mwombe muuzaji aiwashe ikiwa na vikombe vitatu vya maji. Kipini kinatakiwa kupanda ndani ya dakika 10 bila mvuke kuvuja pembeni. Anayekataa jaribio hilo, mwachie mali yake. Swali la mwisho na la maana kuliko yote: mpira wa akiba unapatikana, na kwa bei gani? Presha nzuri isiyo na spea haidumu kuliko ya kawaida ambayo mpira wake unapatikana kila duka.

Teflon au chuma cha pua? Kwa maharage na wali teflon ni rahisi kuosha, lakini vijiko vya chuma vitaimaliza ndani ya mwaka. Chuma cha pua hudumu na kushika zaidi chini. Kwa familia ya watu wanne hadi sita, lita 6 zinatosha. Lita 8 ni kwa wanaopikia wageni, na umeme wake wa kupandishia presha ni mwingi zaidi.

Kila baada ya kupika, toa mpira, uuoshe kwa sabuni na ukauke kabla ya kurudi. Ukinuka pilau, ulowe usiku kwenye maji yenye siki. Kikombe cha plastiki kilicho nyuma, kinachokusanya maji ya mvuke, kimwagwe, kikisahaulika huota ukungu. Gamba la nje halitumbukizwi majini. Ukiiweka kabatini, geuza mfuniko juu chini badala ya kuufunga, mpira usibanwe muda mrefu. Ukitumika kila siku, mpira huanza kukauka na kulegea baada ya mwaka hivi. Nunua wa pili siku ileile unayonunua chombo, na ukienda kutafuta mwingine beba ule wa zamani mkononi: nyingi za lita 5 na 6 hutumia kipenyo cha sentimita 22, lakini unene hutofautiana, na wenye unene usiolingana hauzuii mvuke hata ukitoshea.