TAHADHARI: "Mthamini wa bure" anayewinda vitabu vya kale vya picha

Wadau wa vitabu vya mtumba, kuna mtu anazunguka mtandaoni akijiita mthamini. Ukibandika tu picha ya kitabu cha zamani ulichokiokota kwenye rundo na kuuliza kinaweza kuwa na thamani gani, anakufuata inboksi. Anathamini bure, eti kwa mapenzi ya vitabu.

Anaanza kwa kuomba picha za jalada, ukurasa wa jina na michoro yote, mmoja mmoja. Halafu anatoa hukumu: "Hili ni toleo la baadaye, halina kitu. Ila nikusaidie, nilichukue." Hayo aliniambia kuhusu kitabu cha ndege chenye michoro iliyopakwa rangi kwa mkono. Nikamuuliza amejuaje ni toleo la baadaye, na ukurasa wenye taarifa za uchapaji sijamtumia. Akaruka swali. Nilipomwambia siuzi, wimbo ukabadilika: sasa kitabu ni "adimu mno", lakini lazima kipate cheti cha uthamini, na ada ya cheti niitangulize mimi. Kitabu kilekile, jioni ileile!

Kuna mwenzetu mwingine aliambiwa akate michoro amtumie "ikaguliwe". Msithubutu. Mchoro mmoja unauzika peke yake kama picha ya ukutani, ndiyo maana anautaka, na kitabu kilichopungukiwa michoro huporomoka bei vibaya. Kabla hujaongea na yeyote, fungua orodha ya michoro mwanzoni mwa kitabu na uhesabu kama yote ipo.

Mengine pia unaweza kuyaangalia mwenyewe. Chukua lenzi ya kukuzia, itazame picha kwa karibu. Ukiona vitone vidogo vilivyojipanga safu kwa safu, hiyo imetokana na picha ya kamera. Mbinu hiyo ya kuchapa picha kwa vitone ilishika kasi miaka ya 1880. Kwa hiyo kitabu kinachojinadi ni cha 1820 na kina vitone hivyo ni nakala iliyorudufiwa, hata kama ukurasa wa jina una tarehe ya zamani. Mchoro uliochapwa kwa bamba la shaba lililochongwa una mistari safi, na mara nyingi ukipitisha kidole pembeni unahisi karatasi imebonyea kufuata kingo za bamba. Rangi ya mkono nayo hujiumbua: mahali fulani imevuka mstari kidogo.

Kuhusu bei, msibabaike na zile wauzaji wanazoandika, maana hata mimi naweza kuandika milioni. Tafuteni bei ambazo vitabu vya aina hiyo vimeuzika kweli minadani, vikiwa na hali kama ya chako.

Mthamini wa kweli hutaja ada yake mapema, kwa kazi yake, na kama ana nia ya kununua anakwambia wazi. Marekani, kanuni za uthamini ziitwazo USPAP zinakataza malipo ya mthamini kutegemea thamani atakayoitaja. Huyu wetu anataka awe mthamini, mnunuzi na mtoa vyeti kwa mpigo.

Anabadilisha jina na picha ya wasifu, lakini ile "nikusaidie, nilichukue" haimtoki mdomoni. Akikufuata, piga skrinishoti papo hapo. Ujumbe wa cheti alinifutia, nimebaki na ule wa kwanza tu.