Maonesho ya picha za skuli za Waburyati, Pemba: yanafaa kwa dakhalia?

Walimu kadhaa wameniuliza kuhusu yule ami wa Chake Chake anayezunguka maskulini na projekta yake. Jibu langu ni kwamba mwiteni. Anatoza shilingi 50,000 kwa jioni moja, nauli juu yenu, na kwangu mimi fedha ile imefanya kazi yake.

Mimi ni mlezi wa dakhalia ya wasichana upande wa Wete. Ami huyu alisoma Irkutsk zama za Usovieti na ana mada kadhaa. Nilichagua ile ya maisha ya skuli ya Waburyati wa zamani, watu wa asili ya Kimongolia wanaoishi pembezoni mwa ziwa Baikal, huko Siberia. Sababu ni moja. Watoto wale nao walilala mbali na mama zao ili wasome. Wazee walikuwa wafugaji, wakihama na kondoo, ng'ombe na farasi kutoka malisho ya kipupwe kwenda ya kiangazi, na skuli haiwezi kuhama kila msimu. Kwa hiyo mtoto aliachwa bwenini, akarudi kwao likizo.

Uzuri wa ami ni kwamba haanzi na wakubwa wa nchi. Anaanza na vitanda vya chuma, jiko la kuni katikati ya chumba, viatu vya manyoya vimepangwa mlangoni, kidau cha wino juu ya dawati, skafu nyekundu shingoni. Nje baridi inashuka chini ya sifuri kwa digrii 30 na zaidi, na ziwa lenyewe linaganda. Aliposema chai yao ya maziwa hutiwa chumvi, ukumbi mzima ulipiga kelele. Kisha akaonesha buuz, nyama ya kusaga iliyofungwa ndani ya unga na kupikwa kwa mvuke, na kelele zikageuka njaa. Ilipofika picha ya watoto wanaocheza kwa vifupa vya kifundo cha kondoo, wakirusha na kudaka, binti mmoja aliinuka: "Ami, huo si mdako huo!" Alimwachia aje mbele aeleze. Wageni wengi wanaotujia hawana subira ile.

Kuhusu datsan, nyumba za watawa wa Kibudha ambako wavulana walihifadhi maandiko ya Kitibeti kabla ya kuelewa maana yake, hakurefusha maneno. Nani katika sisi hakuanzia chuo cha Kurani? Nyumba hizo zilifungwa katika miaka ya 1930, na mpya, ya Ivolginsky, ikafunguliwa 1945. Alimtaja pia Dorzhi Banzarov, mwanachuoni wa Kiburyati aliyezaliwa 1822, akasoma skuli ya kijeshi ya Troitskosavsk na kuhitimu Chuo Kikuu cha Kazan mwaka 1846. Wasichana wangu waliliandika jina lile bila kuambiwa.

Lakini kuna jambo kubwa alilolipitia kwa sentensi moja, na nilimwambia usoni baada ya watoto kwenda kulala. Waburyati walikuwa na maandishi ya Kimongolia, yanayoshuka kutoka juu kwenda chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 skuli zikahamishiwa herufi za Kilatini. Mwaka 1939 zikahamishiwa za Kisirili, zile za Kirusi. Hesabuni wenyewe: ndugu watatu wa tumbo moja waliweza kujifunza kusoma lugha ya mama yao kwa herufi tatu tofauti. Hili si la kupitiwa haraka mbele ya watoto wa Kizanzibari. Bibi yangu aliandikiana na dada zake Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Barua zipo, na wajukuu wengi hawawezi kuzisoma. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Sasa barua za nyumbani walisomewa na nani?" na ami alikuwa keshabadilisha picha. Swali lile lilistahili nusu saa. Ami alinisikiliza, akasema ataongeza picha za vitabu vya skuli vya nyakati zote tatu. Namwomba afanye hivyo kweli.

Picha nyingine hazina mwaka, na hilo linasumbua, kwa sababu bweni la miaka ya 1930 si la miaka ya 1970.

Mengine ni madogo. Taa ya projekta ni dhaifu, kwa hiyo fanyeni baada ya Isha, si alasiri. Spika yake inatosha darasa moja tu. Kwa ukumbi tafuteni nyingine. Hana jenereta. Muiteni mapema, kwani karibu na mitihani hapatikani, na mwambieni tangu siku ya kumwita kwamba mnataka habari za maandishi zipewe muda wake.