Dexed kwa wenye DX7: nimeitumia karibu mwaka, haya ndio nimeyaona

Jamani wenzangu mnaopiga vinanda, kama una Yamaha DX7 nyumbani, ile ya kwanza kabisa ya 1983 yenye vifungo bapa visivyobonyea, daunlodi Dexed leo hii, programu ya kompyuta ya kutengenezea sauti za kinanda hicho. Ni bure, haina cha siku thelathini za kujaribu wala cha kuulizwa namba ya kadi, na nimeitumia karibu mwaka mzima sasa kwenye harusi na kwenye kazi za hoteli hapa Malindi, kwa hivyo hili naliandika baada ya kulala nayo na kuamka nayo.

Shida ya DX7 sio sauti, sauti inazo tele, shida ni kioo. Mistari miwili, herufi 16 kila mstari, basi. Nyuma ya hicho kioo kuna opereta sita, yaani vizalisha mawimbi vinavyolia au kutikisana ili kutoa sauti, kila opereta ina envelopu yake ya namba nane, ndiyo mchoro wa namna inavyopanda na kushuka, na kuna namna 32 za kuzipanga hizo opereta, zinaitwa algorithimu, kwa hivyo sauti moja tu ina vitu zaidi ya 140 vya kurekebisha na vyote unavifikia kimoja kimoja kwa kijiti kimoja cha kusukuma juu na chini. Mie kinanda hiki nilikinunua kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa anafunga nyumba arudi kwao, na miaka yote hiyo nikawa napiga sauti zilezile zilizokuja nacho, kwa sababu kila nikiingia kuediti nafika katikati sijui tena niko opereta ya ngapi. Na naamini wengi wetu tuko hivyo, tunakaa na chombo kizuri ndani tunakitumia robo yake.

Dexed yenyewe asili yake ni kinanda cha kwenye kompyuta kinachoiga DX7, unaweza kukipiga hata bila kuwa na DX7, lakini ukiiunganisha na DX7 ya kweli kwa MIDI, ile njia ya vinanda na kompyuta kupashana habari, inageuka kuwa kile kioo kikubwa ambacho kinanda hakijawahi kuwa nacho. Opereta zote sita ziko mbele yako kwa pamoja, envelopu imechorwa unaiona inapopanda na inaposhuka, ukisogeza kitu kwa mausi basi kinanda pale kwenye stendi kinabadilika sauti palepale.

Nikupe mfano mmoja. Nilikuwa nataka sauti ya kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarab, maana kwenye kikundi chetu mpiga kanuni hatuna. Nikachukua algorithimu ya 5, ambayo opereta zinakwenda jozi jozi, ya 2 inaisukuma ya 1, ya 4 inaisukuma ya 3, ya 6 inaisukuma ya 5. Opereta ya 2 nikaiweka itetemeke mara 3 ya noti inayopigwa, ikalia kama bati limegongwa. Nikashusha leveli yake kutoka 99 polepole huku mkono wa kushoto unapiga noti ileile, ilipofika sabini na kitu bati likaondoka ukabaki uzi. Kisha envelopu yake nikaifanya ife haraka kuliko ya opereta ya 1, sasa unasikia ule mguso wa kwanza mkali halafu uzi wenyewe unabaki unalia peke yake mpaka unaisha. Hizo jozi mbili zilizobaki nikazipandisha pichi kidogo sana moja na kuishusha kidogo nyingine, kwa sababu kanuni noti moja ina nyuzi tatu na hazikai sawa kabisa. Dakika ishirini kazi imekwisha, na nilikuwa naona kila ninachokigusa.

Sasa kwenye kuunganisha ndipo watu wanapokata tamaa kwa hivyo soma hapa vizuri. DX7 haina USB, ina MIDI ya pini tano tu, na unahitaji waya mbili, wa kutoka na wa kuingia, la sivyo kompyuta inasema lakini haisikii. Mimi nilianza na kile kiwaya cha bei rahisi cha MIDI kwenda USB, noti zinapita vizuri kabisa, unafikiri uko sawa, lakini ukituma sauti zote 32 za kinanda kwa mkupuo hazifiki. Wiki mbili nzima nilikuwa nalaumu kinanda! Mkupuo huo ni baiti 4,104 na MIDI inabeba biti 31,250 kwa sekunde, kwa hivyo ni safari ya sekunde moja na kidogo, ila vile viwaya vingine ujumbe mrefu namna hiyo vinauvunja njiani. Niliazima intafesi ya kueleweka, kisanduku cha kuunganisha MIDI na kompyuta, kwa rafiki, mara ya kwanza tu ikapita. Pesa ukiwa nayo iweke hapo, programu ni bure.

Kwenye kinanda nako bonyeza FUNCTION halafu kifungo cha 8 mpaka kioo kiandike SYS INFO UNAVAIL, bonyeza YES, kisha toa kinga ya memori ya ndani. Hayo mawili usipoyafanya DX7 haipokei mkupuo. Na jambo jingine, ukituma sauti moja tu toka Dexed inakaa kwenye DX7 kwa muda, ukibadilisha sauti imekwenda, lazima ushike STORE kwenye kinanda na uchague namba. Mie nilipoteza sauti nzuri sana ya nai, ile filimbi ya taarab, hivyo, usiku wa kuamkia harusi.

Kilichonifanya niipende zaidi lakini ni betri. DX7 inahifadhi sauti zake kwa betri ndogo iliyochomewa ndani kwenye bodi, na vinanda vyenyewe sasa vina miaka zaidi ya arubaini. Fundi wangu wa redio hapa mjini alipoifungua akaniambia, "Ami, hii betri nikiitoa vitu vyako vyote vinakwenda." Nikamwambia funga kwanza mwanangu. Nikaenda nyumbani nikazivuta sauti zote 32 zikaingia kwenye Dexed, nikasevu faili, nikaweka kopi kwenye flashi na nyingine kwenye simu, ndio nikarudi. Betri mpya ilipoingia kioo kilikuwa kinaonyesha herufi za ovyo ovyo, nikarudisha faili, kanuni yangu ikaamka vilevile nilivyoiacha. Zamani, kama huna katriji ya kuhifadhia, ungeandika namba zote kwenye karatasi, sauti baada ya sauti.

Inaponiudhi ni kwenye robo toni, zile sauti za Kiarabu zinazokaa katikati ya noti za piano. Dexed inasoma faili za Scala, ambazo zinaeleza noti zipangwe vipi, kwa hivyo unaweza kuitungia maqamu, yaani ngazi za muziki wa Kiarabu, ya Rast au Bayati ikatoka sawasawa, lakini hiyo ni sauti inayotoka kwenye kompyuta, DX7 ya 1983 haiwezi kufuata, yenyewe inajua toni za piano tu. Na mtu aliyekulia Lamu akisikiliza udi wa marehemu Zein l'Abdin huwezi kumpigia Bayati ya piano ukategemea anyamaze. Kwa hivyo nyimbo hizo DX7 naiteremsha volyumu mpaka chini, maana haina namna ya kujizima sauti yake ya ndani, nabaki nayo kama vidole tu, sauti inatoka kwenye laptopu. Hapo washa kile kisehemu cha kurekebisha nguvu ya vidole kwenye settingi, DX7 haifikishi 127, ndiyo nguvu ya juu kabisa kwenye MIDI, hata ukiipiga kwa ngumi. Inafanya kazi, ila stima ikipotea katikati ya wimbo na betri ya laptopu imechoka umekwisha.

Kama chombo unachotaka kukiediti sio cha jamii ya DX7, Dexed haitakusaidia, tazama programu nyingine iitwayo Edisyn. Nayo ni bure, imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java na Sean Luke, profesa wa kompyuta wa chuo kikuu cha George Mason kule Marekani, na inashika vyombo vingi vya zamani, Yamaha, Roland, Kawai, Korg. Sura yake sio nzuri kama Dexed lakini ina kitu sijakiona kwingine, inakupa sauti kadhaa zinazofanana na yako, unasikiliza, unachagua zinazokupendeza, inazitumia kuzaa nyingine, na unaendelea hivyo mpaka ufike. Kwa mtu anayejua kusikiliza lakini hesabu za opereta hataki kuzisikia, hii ndio yake.

Rafiki yangu wa Lamu ana Yamaha TX81Z, kisanduku chembamba kisicho na vidole, vifungo vichache na kioo kidogo vilevile, amekiweka kabatini muda mrefu kwa sababu hiyohiyo. Edisyn inakishika. Mwezi ujao napanda basi mpaka Mokowe na intafesi yangu kwenye mkoba, tukianza baada ya Isha nafikiri kabla ya alfajiri atakuwa na sauti ya kodiani ya kumtosha.