Uzoefu wangu wa kuvuta pikapu nyuma ya gari la kambi, kutoka Mwanza hadi Ukerewe

Chuma cha kuvutia gari ninachokieleza hapa ni kile chenye umbo la herufi A. Mikono yake miwili hufungwa mbele ya gari linalovutwa, na ncha yake hushika tufe la milimita 50 lililoko nyuma ya gari linalovuta, ili gari la nyuma litembee kwa magurudumu yake yote manne bila dereva ndani. Ninakitumia kuvuta Hilux ya zamani ya gia za mkono nyuma ya Fuso ambayo bodi yake ya mizigo iliondolewa, kikajengwa chumba chenye vitanda, jiko na tangi la maji kwa ajili ya wageni wanaopiga kambi kandokando ya Ghuba ya Speke. Fuso haiingii kila mahali, kwani ukiacha lami ya barabara ya Musoma baada ya Magu na mvua ikawa imenyesha, udongo mweusi wa mbuga hulinasa gari zito hadi ekseli, kwa hiyo pikapu ndiyo inayofika ufukweni. Awali dereva wa pili aliifuata Fuso na pikapu hiyo, na posho yake pamoja na dizeli ndivyo vilivyonifanya nitafute njia nyingine.

Chuma chenyewe kimenitosheleza. Kimegongwa muhuri wa kilo 3,500, uzito unaoizidi Hilux kwa mbali, na mikono yake huteleza ndani na nje wakati wa kuunganisha, kisha hujifunga yenyewe gari la mbele linapoanza kuondoka, jambo linalomwezesha mtu mmoja kuunganisha magari mawili ambayo hayakusimama katika mstari mmoja. Lawama yangu ni vumbi: mpira unaofunika sehemu ya kuteleza ni mwepesi mno kwa barabara zetu, na usipoisafisha na kuipaka mafuta mara kwa mara, mikono hukwama na pini hudai nyundo.

Mahali pa kufunga mikono hiyo ndipo nilipotumia fedha nyingi kuliko nilivyotazamia, wala sijutii. Bampa haivuti gari. Imeshikiliwa na vibati vyembamba vinavyopinda kwa mgongano mdogo tu. Fundi wangu wa Nyakato alitengeneza kipande cha chuma kizito kinachopita upande hadi upande, akakifunga kwa bolti kwenye ncha mbili za chesisi ya Hilux, na upande wa Fuso akashusha tufe hadi chuma kikakaa karibu sawa na ardhi. Tofauti ya kimo kati ya ncha mbili isizidi takriban sentimita 10, kwa sababu chuma kilichoinama sana hugeuza msukumo wa breki kuwa nguvu ya kuinua au kukandamiza mojawapo ya magari. Chini yake hupita minyororo miwili iliyopishana kama msalaba, ili ncha ikichomoka iangukie juu yake badala ya kuchimba lami.

Hata hivyo, kilichoifanya safari iwe salama si chuma bali breki, na hapa nawalaumu wauzaji. Aliyeniuzia alinieleza unene wa bomba, ubora wa rangi na uimara wa pini, lakini kuhusu namna pikapu itakavyosimama hakutamka neno. Pikapu ya takriban tani moja na nusu au zaidi isiyokuwa na breki humsukuma dereva wa mbele kila anapokanyaga pedali, na nguvu inayopaswa kuzimwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya kilomita 50. Nchini Uingereza, ambako chuma cha aina hii hutumika sana, gari linalovutwa hivyo huhesabiwa kuwa tela, na tela linalozidi kilo 750 lazima liwe na breki zake. Nikiwaza jinsi daladala zinavyokata mbele ya gari kubwa pale Igoma na kusimama ghafla, naona masharti hayo yana maana hata kwetu.

Nilinunua kisanduku cha breki kinachokaa mbele ya kiti cha dereva wa pikapu, ambacho huhisi mwendo unapopungua na kuibana pedali kwa mkono wake wa chuma. Ugumu wake ni kwamba injini ya pikapu ikiwa imezimwa, busta ya breki, yaani kifaa kinachoifanya pedali iwe nyepesi, huishiwa nguvu baada ya kukanyagwa mara chache na pedali huwa ngumu, hivyo chagua kisanduku kilichotengenezwa kwa pedali isiyosaidiwa. Kimeunganishwa na waya mwembamba wa dharura unaofungwa kwenye Fuso yenyewe, wala si kwenye chuma cha kuvutia: magari yakiachana, waya huchomoa kipini na breki za pikapu hukaba papo hapo. Taa ndogo katika kebini hunijulisha kila kisanduku kinapobana. Taa hiyo isipozimika kwenye barabara tambarare, ninasimama, maana breki inayoburuza huunguza mpira na grisi kabla ya dereva wa mbele kunusa chochote.

Kwa upande wa umeme, wenye malori wawe waangalifu. Fuso yangu ni ya volti 24 na Hilux ni ya volti 12, na anayeunganisha waya za taa moja kwa moja ataziunguza balbu zote za pikapu. Sisi tuliepuka usumbufu huo kwa kufunga nyuma ya pikapu taa za peke yake za volti 24, za breki, indiketa na usiku, zinazolishwa na Fuso kwa waya unaopita pembeni mwa bodi. Askari wa usalama barabarani aliyetusimamisha Nyanguge, baada ya kuchungulia kiti kitupu cha dereva na kushangaa kidogo, alizikagua taa hizo na kuturuhusu.

Kuhusu gia, sikutaka kubahatisha. Magurudumu ya nyuma yakizunguka huku injini imezimwa, huzungusha propela shafti, yaani mhimili unaounganisha giaboksi na ekseli, na sehemu za giaboksi ambazo huenda hazipati mafuta ipasavyo, kwa hiyo kwa safari ndefu tunafungua bolti na kuitoa propela ya nyuma, na hab za mbele, yaani vitovu vya magurudumu, tunaziacha zikiwa huru. Ni kazi ya kulala chini ya gari na spana, na inachosha. Swichi ya ufunguo hubaki kwenye hatua ya kwanza ili usukani usijifunge, na fyuzi ya redio tunaing'oa betri isiishe njiani.

Barabarani, jambo la kuzoea ni kwamba huwezi kurudi nyuma. Ukijaribu, magurudumu ya mbele ya pikapu hukata upande wowote yanaopenda na chuma kinaweza kupinda, kwa hiyo huingii kituo cha mafuta kabla ya kuona njia ya kutokea. Kwenye matuta nenda polepole kuliko unavyoona inatosha, kwa kuwa gari la nyuma hupanda tuta wakati la mbele limeshaanza kuongeza mwendo. Tairi ya pikapu ikipasuka hutaihisi, hivyo baada ya kilomita chache za kwanza, na kila tunaposimama, tunashika tairi na hab kwa kiganja na kutazama pini. Upande wa Sengerema safari imerahisika tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, kwani tunapita bila kutenganisha kitu. Kivuko cha Kisorya kwenda Rugezi, Ukerewe, ni habari nyingine: tunatenganisha na kurudisha propela kabla ya foleni, kila gari linaingia kwa dereva wake, na ng'ambo tunaunganisha upya mahali palipo tambarare, kwa sababu kwenye mteremko mikono hubana pini.

Wengi huniuliza kama chuma hiki kinafaa kwa pikapu ya otomatiki. Chuma chenyewe hakichagui, ila giaboksi nyingi za aina hiyo hupata mafuta kutoka pampu inayozungushwa na injini, na injini ikizimwa pampu nayo husimama. Soma kitabu cha gari lako kwanza. Kikikataza na propela haitoki, lipandishe pikapu hilo juu ya tela.